UZI: Mama wa ile picha maarufu ya 1936 alikuwa na jina, aliyempiga picha hakuliuliza

Mkanda36 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mi ni msomaji wa kimyakimya humu siku nyingi, leo nimeamua kufungua uzi kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani mwaka wa nne huu. Utakuwa mrefu, nitashusha kwa vipande, mwenye swali aulize hukohuko katikati.

Kazi yangu ni picha. Nilianzia kwa baba mdogo ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na studio Kibaigwa, zile za pazia la bluu lenye maporomoko ya maji na kiti kimoja cha mbao, enzi za mkanda. Mkanda una picha 36, ukijaa nautia mfukoni napanda basi naupeleka Dodoma mjini kusafishwa, narudi na bahasha. Na baba mdogo alikuwa na kawaida moja, hapigi picha kabla hajaandika jina la mtu kwenye daftari. Awe mnunuzi wa mahindi, awe mchunga ng'ombe katoka mnadani na vumbi lake, jina kwanza. Alikuwa anasema picha isiyo na jina utampelekea nani. Shikeni hapo kwenye jina maana ndo uzi wenyewe.

Sasa kuna picha moja wengi mmeiona hata kama hamkujua ni ya wapi. Mama amekaa, mkono mmoja kaupeleka kidevuni, vidole vinagusa kona ya mdomo, paji limekunjamana, anatazama mbali pembeni, wala hakutazami wewe. Watoto wawili wamemwegemea mabegani huku na huku, wamegeuza nyuso nyuma, unaona visogo tu na nywele zilizokatwa ilimradi. Kifuani kuna kichanga kimelala, shavu lina uchafu. Mkono wa sweta la mama umefumuka. Na pale chini kulia kuna mti wa hema, ukikaza macho unaona kivuli hafifu cha kidole gumba, maana huyo mama alikuwa ameushika ule mti, mpiga picha mwaka 1939 akaagiza kidole kifutwe kwenye negativu kwa kuwa kilimkera kwenye mpangilio wa picha.

Ilipigwa Machi 1936, Nipomo, California, kwenye kambi ya wachuma njegere. Aliyepiga anaitwa Dorothea Lange. Aliyepigwa alikuwa na miaka 32, ila kwa ule uso ungempa 50.

dafu_baridi

Nimeiona hiyo kwenye vitabu vya historia. Siku zote nilijua ni vita. Endelea mkuu nipo.

Mkanda36

Si vita, ni njaa ya uchumi. Ngoja niweke msingi.

Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, kufika 1933 karibu robo ya wafanyakazi Marekani hawana kazi. Lakini shamba lilikuwa limeshaumwa kabla. Pamba iliyokuwa senti 16 na ushee kwa ratili mwaka 1929, ikafika 1932 ni senti 6 hivi, yaani mkulima anavuna halafu anadaiwa. Juu ya hapo ukaja ukame nyanda za kati, Oklahoma, Kansas, Texas, kule walikuwa wamelima nyasi zote za asili kufukuzia ngano, mvua ilipokata udongo ukawa hauna kitu cha kuushika, ukapaa. Tarehe 14 Aprili 1935 lilipita dhoruba la vumbi mchana ukawa usiku. Sisi wa Kongwa na Mpwapwa vumbi tunalijua, lakini hili la kufukia uzio na vifaa vya shamba ni lingine.

Halafu kuna kitu ambacho mtu akisimulia huwa anakiruka, nacho ndo kinaniuma kuliko ukame. Serikali ya Rais Roosevelt ilitaka bei ya mazao ipande, ikawa inawalipa wenye mashamba waache sehemu ya ardhi bila kulimwa. Hela inaingia kwa mwenye shamba. Yule aliyekuwa analima kwa kugawana nusu kwa nusu, asiye na ardhi wala nyumbu wake, mara nyingi aliambiwa ardhi haihitajiki tena, ondoka, na mwenye shamba kwa hela ileile ananunua trekta. Kwa hiyo barabara zikajaa magari mabovu yamefungwa magodoro juu, watu wanaelekea California kusaka vibarua vya kuchuma.

Ndipo 1935 serikali ikaanzisha idara ya kuwasaidia wakulima masikini, 1937 ikabadilishwa jina ikawa Farm Security Administration. Wabunge hawakuipenda, watu wa mjini hawakuamini kama hali ni mbaya kiasi hicho. Ikabidi waonyeshwe. Akapewa kazi Roy Stryker, mwalimu wa uchumi, wala hakuwa mpiga picha. Yeye akaajiri watu wenye jicho: Walker Evans, Arthur Rothstein, Russell Lee, Marion Post Wolcott, Lange, Ben Shahn na wengine. Anawapa maelekezo ya nini cha kutafuta, anawaambia wasome habari za eneo kabla ya kwenda, wanatuma mikanda Washington. Mpaka kazi inafungwa miaka ya vita walikuwa na negativu zaidi ya 170,000. Zote ni mali ya umma, ziko maktaba ya bunge la Marekani, ukiwa na bando unaingia sasa hivi unaziona bure. Mi nimezunguka humo usiku mwingi sana, na kuna negativu unazikuta zina tundu jeusi la duara. Ni Stryker, picha asiyoipenda alikuwa anaitoboa kwa kitobolea karatasi isitumike tena. Kuna mahali tundu limeangukia usoni kwa mtu. Ukikuta hiyo saa nane usiku hulali.

Kalamu ya Risasi

Aisee mwenye kutoboa uso wa mtu hakumwona kama mtu. Tuambie ya huyo mama.

Mkanda36

Ndo nakuja.

Lange alikuwa fundi wa studio kama mimi. Akiwa na miaka 7 alipata polio, akabaki anachechemea maisha yake yote. Alikuwa na studio San Francisco anapiga matajiri, siku moja mwaka 1933 akachungulia dirishani akaona foleni ya wanaume wanasubiri mkate, akashuka na kamera. Hakurudi tena moja kwa moja kwenye studio. Kazi ya kwanza serikalini California aliandikishwa kama mchapaji kwa sababu bajeti haikuwa na kifungu cha mpiga picha, akawa anazunguka na mchumi Paul Taylor, baadaye akawa mume wake. Ripoti zao za 1935 zenye picha ndani zilisaidia kambi za kwanza za serikali kujengwa Marysville na Arvin, kambi zenye maji na vyoo. Msije mkadhani nimekuja kumchafua, mama huyu alifanya kazi.

Sasa Machi 1936 alikuwa anarudi nyumbani peke yake, mwezi mzima yuko barabarani, mvua inanyesha, sanduku la filamu liko pembeni limejaa. Akapita kibao kinaonyesha kambi ya wachuma njegere. Akapita tu. Akaendesha maili 20 hivi, karibu kilomita 32, huku anabishana na moyo wake, mwisho akageuza gari. Mpiga picha yeyote humu anaijua hiyo hali, picha uliyoiacha nyuma inakuita.

Kambini njegere zilikuwa zimeungua kwa baridi, hakuna cha kuchuma, watu wamekwama. Akamwona mama kwenye hema la wazi upande mmoja. Akapiga picha chache tu, kila moja anasogea. Za mwanzo unaona hema lote, binti mkubwa amekaa kwenye kiti, boksi, sahani ya bati juu ya boksi. Anazidi kusogea, binti mkubwa anatoka, sahani inatoka, vitu vyote vinatoka, mwisho unabaki uso. Dakika kama kumi. Mwenyewe aliandika mwaka 1960, akasema wazi kwamba hakumuuliza yule mama jina wala habari zake, alichoambiwa ni umri, na kwamba wanaishi kwa mboga zilizogandishwa na baridi shambani na ndege ambao watoto wanaua, na kwamba ameuza tairi za gari anunue chakula.

Akafika mjini akapeleka gazetini, picha zikatoka tarehe 10 Machi, serikali ikapeleka Nipomo ratili 20,000 za chakula, ni kama tani 9. Chakula kimefika, yule mama na wanawe walishaondoka.

Sauti ya Rungwe

Dah. Hakula hata kimoja?

Mkanda36

Hata kimoja. Gari lao lilikuwa limeharibika, mwenzake na watoto wa kiume walikuwa wameenda mjini kutengeneza, waliporudi safari ikaendelea kuelekea Watsonville. Na hapo kwenye tairi, mwanawe mmoja baadaye alikataa kabisa, tairi gani hizo za kuuza, waliondoka na gari lilelile. Huenda Lange alichanganya na familia nyingine, siku nzima unaongea na watu waliochoka, usipoandika jina unachanganya. Hii si dhambi ndogo ndugu zangu, maana maneno ya mtu mwingine yakagandishwa kwenye uso wake miaka 40.

Kwa miaka hiyo yote picha ilizunguka dunia, kwenye magazeti, makumbusho, mama hana jina. Mwaka 1978 ndo gazeti la Modesto likampata, anakaa huko huko California kwenye nyumba ya trela. Anaitwa Florence Owens Thompson. Na kumbe Mcherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kazaliwa Oklahoma 1903 ilipokuwa bado eneo la Wahindi Wekundu, watu walikuwa wanamtazama kama mama wa kizungu wa mfano. Mume wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu 1931, yeye ana mimba, akaendelea kulea kwa kuchuma pamba na kupika na kuhudumia baa, kazi yoyote iliyokuja. Alisema laiti asingepigwa ile picha. Hakupata hata senti, hakuulizwa jina, aliambiwa picha haitauzwa na kwamba ataletewa kopi, na kopi haikuja.

Mmoja wa wale watoto wawili wa mabegani, akiwa mtu mzima, alieleza kuwa nyumbani ile picha ilikuwa aibu, hawakutaka mtu ajue kuwa ni wao. Na kwamba mama yao alihakikisha wanakula hata kama yeye hajala.

Ngoma ya Pwani

Mleta uzi nikupinge kidogo. Huyo Lange angeanza kuuliza jina na ridhaa na fomu, ile hali ingepotea. Picha ya kweli ni ya ghafla. Na si ndo ilileta tani 9? Wengine pale kambini walikula. Halafu hao wapiga picha wa serikali hata kweli yenyewe walikuwa wanaipanga, nimesoma kuna mmoja alihamisha fuvu.

Mkanda36

Mkuu umegusa pazuri. Fuvu ni Arthur Rothstein, Mei 1936, South Dakota. Alikuta fuvu la ng'ombe kwenye ardhi iliyopasuka, akalisogeza mita tatu hivi pembeni apate kivuli kizuri, akapiga tena. Agosti Roosevelt anapita kule na treni, gazeti la mji wa Fargo likaibua kwamba picha ya ukame imepangwa na serikali. Mi kwa Rothstein sina shida kubwa, fuvu halina mtoto wa kuona aibu. Ardhi ilikuwa imepasuka kweli, ukame ulikuwepo kweli.

Kuhusu tani 9, nakubali, na nisingependa ile picha isiwepo. Na Lange mwenyewe hakula hela ya mrabaha, ilikuwa mali ya serikali. Lakini swali la jina halichukui sekunde kumi. "Unaitwa nani mama?" Hali gani inapotea hapo? Baba mdogo aliuliza watu maelfu na bado walitoka wamenuna kama walivyoingia.

binti Mwanahamisi

Na watu weusi je? Masikini wa kusini si ndo walikuwa wengi weusi? Mbona kila picha maarufu ni mzungu?

Mkanda36

Dada asante kwa hili swali. Picha zao zipo nyingi sana, ingia kwenye hiyo maktaba utaziona, Lange amewapiga Mississippi na Georgia, Wolcott na Jack Delano wa idara hiyohiyo pia. Tatizo ni zipi zilipelekwa gazetini, maana walijua mjumbe wa bunge ataguswa na nani. Kuna picha ya Lange ya 1936, Mississippi, mwenye shamba mzungu kanenepa, mguu mmoja kaweka juu ya bampa la gari, nyuma yake barazani mwa duka wamekaa vijana wa shamba weusi. Picha nzima ndo hiyo, nani ana gari na nani amekaa barazani. Mwaka 1938 ikatumika kwenye kitabu cha mashairi, wale weusi wakakatwa, akabaki mzungu peke yake kama mfano wa mtu huru.

Na ndo hapa namleta Gordon Parks. Mpiga picha mweusi, kaingia kwa Stryker mwaka 1942, Washington ikambagua kwenye maduka na sinema siku za mwanzo. Stryker akamwambia nenda kaongee na yule mama anayefagia humu ofisini. Akaenda, akaongea naye, akamsikiliza maisha yake, kisha akampiga amesimama mbele ya bendera ya Marekani kashika ufagio, na mopu ya kupigia deki iko nyuma yake. Hakuishia hapo. Akafuatana naye wiki kadhaa, nyumbani, kwa wajukuu, kanisani. Anaitwa Ella Watson. Tunalijua jina toka siku ile. Ngoma ya Pwani, nikuulize kwa heshima, ile picha imepungua nini?

Ngoma ya Pwani

Haijapungua. Nimeitafuta sasa hivi nimeiona. Nimekubali mkuu.

Kalamu ya Risasi

Ulisema jambo lina miaka minne kifuani. Hujatuambia.

Mkanda36

Nilitaka nilikwepe.

Mwaka ule mvua zilikata mapema Ugogoni, uwele ulikauka kabla ya kubeba. Kuna shirika lilinichukua kwa siku tatu, silitaji, nipige picha za kijiji kimoja wilaya ya Kongwa. Maelekezo yalikuwa kwenye karatasi moja: mama na mtoto, jiko bila moto, ghala tupu. Nikafika kwenye nyumba moja ya tembe, mama kakaa kizingitini, mtoto kamlalia gotini, mwanga unatoka mlangoni vizuri mno, mi kwa kweli niliona mwanga kwanza kabla ya kumwona yeye. Nikapiga kama mara nane, nasogea. Mwanzoni kulikuwa na ungo wenye mlenda umeanikwa, na kuku wawili. Nikausogeza ungo kwa mguu. Naandika hii mkono unatetemeka. Niliusogeza kwa mguu, chakula cha mtu, ili nyumba ionekane haina kitu.

Akaniuliza, "Kaka, hizo mnazipeleka wapi?" Nikasema ofisini. Nikasema nitakuletea moja. Tukapanda gari.

Picha ilitumika kwenye kalenda na kwenye bango la kuchangisha. Nililipwa vizuri. Daftari la baba mdogo lilikuwa kwenye begi langu, natembea nalo mpaka leo, na ukurasa wa siku ile hauna kitu. Mwaka uliofuata nikaanza kusoma habari za Nipomo, nilipofika pale kwenye kopi isiyokuja nikafunga simu nikatoka nje.

binti Mwanahamisi

Kaka umefanya vyema kusema. Kijiji si unakijua? Rudi.

Sauti ya Rungwe

Rudi kabisa. Florence alipopooza 1983 nimesoma watu walimchangia matibabu.

Mkanda36

Ni kweli, wanawe walitangaza shida, zikaja zaidi ya dola 25,000 na barua nyingi sana za watu wakieleza ile picha ilivyowashika, familia wanasema ndipo walipoanza kuiona kwa jicho jingine. Alifariki Septemba mwaka huohuo. Mwaka 1998 wakaweka uso wake kwenye stempu.

Nimewasikia. Nitaenda Jumamosi.

Mkanda36

MREJESHO.

Wadau samahani nimekaa kimya wiki mbili. Nilienda. Nilitoa kopi mbili kubwa, nikaziweka kati ya maboksi zisikunjike, nikachukua bodaboda toka Kibaigwa. Tembe lipo, limepigwa bati upande mmoja. Nikamkuta bibi uani, nikaamkia shikamoo, nikajieleza, akamwita. Akanikumbuka. Alisema, "Wewe ndo wa kuniambia ofisini."

Nikaomba msamaha, na wa ungo pia nikauomba. Akasema aliona. Kumbe aliona siku ileile.

Akaishika picha muda mrefu. Bibi akasogea, akasema huyu mtoto alikuwa na homa. Hilo sikulijua, miaka minne natazama ile picha nadhani ni njaa, ni homa, kesho yake walimpeleka zahanati. Mtoto sasa yupo chekechea, alitoka shule na sare yake akajiangalia akasema huyu si mimi.

Kisha mama akasema hii ataihifadhi lakini haitakaa ukutani, anataka nimpige nyingine. Akaingia ndani akatoka na kitenge chake cha kijani na kilemba. Akachagua mwenyewe pa kukaa, chini ya mbuyu, bibi katikati, mtoto amesimama, na ungo wa karanga mbele akauweka yeye kwa mikono yake. Akaniambia nirudi nyuma zaidi mpaka ng'ombe waingie. Nikarudi nyuma.

Nimeipeleka jana, iko kwenye fremu. Ile ya kwanza nilimwona anaiweka chini ya godoro, upande wa uso chini.

Shirika nimewaandikia waiondoe kwenye bango, bado hawajajibu, nitaendelea kuandika. Na jina lake liko kwenye daftari, ukurasa ule uliokuwa mtupu, kaliandika mwenyewe kwa kalamu yangu. Hapa siliweki wakuu. Nilimuuliza, akasema hapana.